Mbwa Wako Amezeeka: Usiseme "Ni Uzee Tu"

Ndugu mkulima, labda unaye mbwa aliyekuja kwako akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, siku zile ulipokuwa ukichimba mashimo ya nguzo za ua. Leo ua umekwisha kuwa mrefu, watoto wamemaliza shule, na yule mbwa halali tena langoni. Hulala juani karibu na jiko. Mgeni huingia mpaka mlangoni, ndipo naye akainua kichwa. Basi unajiuliza, huyu ana kazi gani sasa, na chakula chake chatoka mfukoni mwangu?

Nitakueleza yale niliyojifunza Mwihoko. Mwihoko ni upande wa Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, na ukitoka Githurai huifikia kwa mwendo mfupi. Wengi waliojenga huko walinunua ploti ya futi 50 kwa 100, yaani karibu sehemu ya nane ya ekari, wakajenga nyumba, wakafuga kuku au ng'ombe mmoja huko nyuma, na kabla hawajapata pesa za lango la chuma wakatafuta mbwa. Ninyi mlio katika skimu, kwenye ekari zenu, mtasema hayo ni mambo ya mjini. Lakini mbwa ni yule yule. Tena pale ambapo nyumba zimekaribiana, kosa la mwenye mbwa huonekana upesi na jirani wote. Kwenye skimu laweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuliona.

Mimi nilikuwa na mbwa jike, mwekundu, wa kienyeji. Alipofika mwaka wa tisa alianza kulala mchana kutwa, akakataa ugali, akawa anakunywa maji mpaka sufuria inakauka. Nikasema, "Ni uzee tu." Nikasema hivyo siku nne. Siku ya tano tumbo lilikuwa limevimba na uchafu wenye harufu ulikuwa ukimtoka nyuma. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja: mara ya mwisho alipokuwa na joto ilikuwa lini? Nikahesabu, zikawa wiki sita. Akanieleza kwamba mji wa mimba umejaa usaha. Ugonjwa huu huwapata majike wasiofungwa uzazi, hasa waliokwisha kupita umri wa makamo, katika wiki chache baada ya joto, na dawa yake kubwa ni kupasuliwa na kuondolewa mji wa mimba, tena upesi, maana sumu huingia katika damu. Alipasuliwa jioni ile ile. Aliishi miaka mitatu mingine, na wachukuao taka walimwogopa kuliko zamani.

Siku zile nne ndizo sababu ya mimi kuandika habari hii. Uzee si ugonjwa. Uzee hupunguza mbio, huleta mvi usoni, hufanya masikio kuwa mazito. Lakini mbwa mzee anayekonda, au anayekataa chakula, au anayekunywa maji kupita kawaida, au anayechechemea, huyo ana jambo, na mara nyingi jambo hilo lina dawa au lina nafuu.

Uzee huanza lini? Watu husema mwaka mmoja wa mbwa ni saba ya mtu. Si hesabu ya kuaminiwa, kwa kuwa mbwa wa mwaka mmoja aweza kuzaa, na mtoto wa miaka saba ni wa darasa la pili. Mbwa wakubwa, kama wale wa jamii ya Alsatian, huanza kuzeeka wakiwa na miaka 6 au 7. Mbwa wetu wa kienyeji, aliye wa kadiri, huanza miaka 8 au 9. Vijibwa vidogo hukawia zaidi. Ukiona ndevu zimekuwa nyeupe, anza kumtazama kila wiki kama unavyomtazama ng'ombe aliye karibu kuzaa.

Mtazame kwa mikono yako

Mkalishe chini asubuhi moja ya Jumapili, nawe uanze kichwani. Macho yake yakiwa na rangi ya buluu kama moshi, usikimbilie kusema amepofuka. Mara nyingi ni kioo cha jicho kilichokomaa tu, naye aona vizuri. Mjaribu: dondosha kipande cha pamba mbele yake, kisicho na mlio, akikifuata kwa macho, anaona. Lakini weupe kama maziwa katikati ya mboni ni mtoto wa jicho, na jicho jekundu analolifumba kwa maumivu ni la kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Inua mdomo. Watu wengi hudhani kinywa cha mbwa mzee lazima kinuke. Sivyo. Harufu mbaya maana yake ni meno yaliyoshika ukoga mgumu na ufizi uliooza, na mbwa huyo hali kwa sababu anaumia, si kwa sababu amechoka na dunia. Daktari aweza kuyasafisha meno na kuyang'oa yaliyoharibika. Tazama na rangi ya ufizi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na hapo fikiri habari ya kupe. Kupe wa mbwa huleta ugonjwa wa damu ambao huweza kukaa miezi mingi mwilini ukimla mnyama polepole: hukonda, huwa na homa inayokuja na kwenda, mara nyingine hutoka damu puani. Mwenye mbwa husema amezeeka. Kumbe ugonjwa huo hutibiwa, nao hugunduliwa kwa kupima damu kidogo.

Habari ya kupe yanikumbusha jambo moja. Wengi, wakimaliza kumpulizia ng'ombe dawa, humgeukia mbwa kwa maji yale yale yaliyobaki kwenye pampu. Usifanye hivyo. Dawa nyingine za ng'ombe humdhuru mbwa, hasa aliye dhaifu, naye huilamba kutoka manyoya yake. Uliza ipi yafaa mbwa na kwa kipimo gani.

Pitisha viganja mbavuni na tumboni. Jike mzee huota uvimbe kwenye matiti. Ukigusa kitu kigumu kama harage, usingoje kiwe kama yai. Dume na jike kwa pamoja hupata uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao huambukizwa kwa kupandana. Huu watisha kwa macho, na mbwa wengi wamefukuzwa bomani kwa ajili yake, hali mara nyingi hupona kwa sindano za kila wiki kwa wiki chache.

Kisha miguu. Katika baridi ya Juni mpaka Agosti, Kiambu na sehemu zote za juu, mbwa mzee huamka amekakamaa, huchukua hatua kumi kama mtu aliyelala juu ya mawe, kisha hulegea. Hayo ni maungo. Usimlaze juu ya saruji tupu wala udongo wenye maji. Kibanda kiinuliwe kidogo kutoka chini, upepo usipite ndani, na chini uweke gunia lililojazwa nyasi kavu, ubadilishe zikilowa. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa huumia maungo zaidi ya yule anayetembea. Mtembeze polepole, asubuhi na jioni, hata kama ni kuzunguka shamba tu. Na kama amenenepa, mpunguzie chakula, maana kila kilo ya bure inabebwa na magoti yale yale.

Lakini sikiliza sana neno hili: usimpe mbwa vidonge vyako vya maumivu. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, unazozinunua dukani kwa shilingi chache, zaweza kumtoboa mbwa tumbo, kumharibu figo au ini, na kumwua. Ziko dawa za maungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Mwombe daktari hizo.

Ukisha kufika hapo, jiulize juu ya maji. Mbwa mzee anayekunywa sana na kukojoa sana huenda figo zimechoka, au ana kisukari, au, kama ni jike, ni ule ugonjwa nilioueleza. Wako watu wanaomnyima maji ili asichafue baraza. Ni kosa kubwa. Figo zilizochoka zikikosa maji mbwa hufa.

Hapa usikosee

Sasa naja kwenye jambo ambalo laweza kumwua mtu. Mbwa mzee akigeuka tabia ghafla, akawa mkali au akawa mpole kupita kawaida, watu husema ni uzee. Huenda ni uzee. Lakini huenda ni kichaa cha mbwa.

Wengi hudhani kichaa ni mbwa anayekimbia barabarani akiuma kila akutanacho. Ndivyo kilivyo mara nyingine. Lakini kiko cha kimya. Mbwa hujificha gizani, taya hulegea na kuning'inia, mate humtiririka, sauti yake hubadilika ikawa ya kukwaruza, hawezi kumeza, miguu ya nyuma hulegea. Ukimwona mbwa mzee wa namna hiyo utasema uzee umemzidi, au amekwamwa na mfupa kooni. Na hapo mwenye huruma ndiye aingiaye hatarini, maana hutia mkono kinywani kuutafuta huo mfupa. Usitie mkono. Mfungie mahali peke yake, waweke watoto mbali, umwite daktari wa mifugo.

Ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na mpaka leo haujatoka. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuondoa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Dalili zikisha kuonekana, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kinga ndiyo dawa. Nako ndiko wazee wanakosahauliwa: siku ya chanjo mtu huchukua mbwa kijana, na yule mzee humwacha nyumbani akisema ni hasara. Mbwa wa miaka 12 achanjwe kila mwaka sawa na wa mwaka mmoja. Yeye ndiye asiyeweza kukimbia mbwa mgeni anapoingia uani usiku.

Mtu akiumwa na mbwa, au akilambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Asitie pilipili, wala mafuta ya taa, wala udongo. Mbwa aliyeuma, kama yu mzima, asiuawe papo hapo. Afungiwe salama na kutazamwa siku 10 kwa shauri la daktari wa mifugo. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Lakini mtu asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze sindano. Mbwa akifa, usimzike kwanza. Mjulishe daktari, maana kichwa ndicho kinachopimwa.

Na kama si kichaa? Mbwa mzee huuma kwa sababu anaumia, au hakusikia ukija, au haoni vizuri. Waambie watoto wasimrukie akiwa amelala. Wapige ardhi kwa mguu kwanza, naye atahisi mtikisiko. Mwenye gari au pikipiki azunguke aangalie kabla ya kurudi nyuma, kwa kuwa kiziwi hulala palepale penye joto la injini. Wako pia wanaopungukiwa na akili kama wazee wetu wengine: hutangatanga usiku, husimama wakiutazama ukuta, husahau njia ya kibanda chao. Huyo umwekee bakuli mahali pamoja siku zote, umlishe saa zile zile, na lango lifungwe.

Chakula, na mahindi yaliyooza

Mbwa wengi wetu hula ugali. Si vibaya, mradi uchanganywe na kitu chenye nguvu: omena, mabaki ya nyama, au matumbo yaliyochemshwa. Nasema yaliyochemshwa. Matumbo na maini mabichi, hasa ya kondoo na mbuzi, humpa mbwa minyoo ya tegu ambayo mayai yake, yakimwingia mtu, huota vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa mzee mpe chakula laini, kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kama vijiti na kuchoma utumbo. Vitunguu pia huharibu damu yake. Dawa ya minyoo apewe kwa wakati, kwa kawaida kila miezi mitatu.

Lakini tatizo kubwa naliona kwenye ghala. Mahindi yakilowa na kuota ukungu, tunasema, "Haya hayafai watu, tutampa mbwa." Mwajua ukungu ule una sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 walifariki. Sumu inayoua mtu humwua na mbwa: huharibu ini, macho na ufizi hugeuka manjano, hutapika damu. Mbwa mzee, ambaye ini lake limefanya kazi miaka mingi, hana akiba ya kushindana nayo. Kusaga hakuondoi sumu, wala kupika. Mahindi hayo yasiliwe na mbwa, wala kuku, wala ng'ombe, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa.

Kazi yake ya mwisho

Kama wamtegemea kwa ulinzi, usingoje afe ndipo utafute mwingine. Mlete kijana mapema, mzee angali na nguvu za kubweka. Kijana humfuata, hujifunza nani ni wa nyumbani na nani mgeni, na kwamba kuku hawafukuzwi. Mtu hawezi kumfundisha mbwa hayo upesi hivyo. Ila wapewe chakula mbali mbali, na mzee awe na pahali pake ambapo kijana hawezi kumsumbua. Huyo mdogo achanjwe akifikisha miezi mitatu.

Iko desturi moja ambayo imeenea, na sitaizungumza kwa upole. Mtu humpakia mbwa mzee garini usiku, akaenda kumtupa kwenye soko au kando ya shamba la kahawa. Mbwa aliyelishwa kwa mkono miaka kumi hajui kujitafutia. Huumwa na mbwa wa mitaani, huugua, hugongwa na magari. Na kama hakuchanjwa, umewapelekea watu wa huko kichaa. Wengine hutumia sumu ya panya au dawa ya wadudu ndani ya nyama. Nyama hiyo huliwa na mbwa wa jirani, na kuku, na tai wanaokula mzoga, na mtoto mdogo aweza kuiokota. Tena ni kifo cha uchungu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama.

Siku ikifika ambapo hawezi kusimama mwenyewe, hali, na daktari amesema hakuna tena nafuu, iko sindano inayomlaza kisha kumwua bila maumivu. Tangu mwaka 2013 kazi za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, basi ulizia afisa wa mifugo wa sehemu yako. Walio karibu na Nairobi wana kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, na chama cha KSPCA. Ninyi wa skimu za mbali fanyeni hivi: daktari anapokuja kwa ajili ya ng'ombe, mwombeni amtazame na mbwa siku hiyo hiyo. Nauli yake mmekwisha kulipa.

Shimo la kumzika liwe la kina cha kiuno cha mtu, mbali na kisima na mbali na mfereji, na juu yake uweke mawe ili mbwa wengine wasifukue. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 nafasi hiyo si rahisi kupatikana. Mimi niliipata kati ya parachichi na ukuta wa jirani, baada ya kuhesabu hatua kutoka kisimani mara mbili. Bakuli na gunia lake vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kumpa mbwa kijana, au vichomwe kama mzee alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza.